Jinsi ya Kuunda Mashua Ndogo ya Mvuke kwa Bati la Debe na Mrija wa Shaba

Mashua inayoelezwa katika mwongozo huu ina urefu wa sentimita 25. Haina pistoni, haina rafadha (panga la kusukuma maji), haina vali, wala haina kipande chochote kinachozunguka. Kinachoisukuma ni mrija mmoja mwembamba wa shaba nyekundu uliojazwa maji, ukakunjwa katikati mfano wa springi na kuwekwa juu ya mwali mdogo wa utambi uliolowa mafuta ya kupikia. Mkazi wa Kisumu anaweza kukusanya vifaa vyote kwa mchana mmoja wa kuzunguka soko la Kibuye na maduka ya vipuri, na anayeishi Nakuru, Kakamega au Busia hatapata shida kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna mji wa kwetu usio na mafundi wa jua kali, fundi wa baiskeli na muuza mafuta anayebaki na madebe matupu.

Kabla ya kugusa mkasi, naomba msomaji ashike jambo moja. Mashua za aina hii zikikataa kwenda, mara nyingi kosa haliko kwenye moto bali kwenye maji: mrija una hewa ndani. Nimewaona vijana wengi wakiongeza utambi, kisha wakiongeza mshumaa, hadi bati likawa jekundu na gundi ikayeyuka, ilhali mrija ulikuwa haujajazwa sawasawa tangu mwanzo. Ndiyo maana sehemu ndefu zaidi ya mwongozo huu inahusu kuukunja mrija na kuujaza.

Namna mrija unavyosukuma

Mji wa Kisumu una historia ndefu na mvuke. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande kutoka pwani, ikaunganishwa hapa wakati mji ulipokuwa ukiitwa Port Florence, na kushushwa ziwani mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika mwezi wa Desemba 1901. Meli kama hiyo ilikuwa na tangi la kuchemshia maji, mvuke wake ulisukuma pistoni, na pistoni zikazungusha rafadha. Mashua yetu inatumia mvuke huohuo bila mitambo hiyo ya kati. Wazo hilo si geni: Mfaransa Thomas Piot alilipatia hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, nchini Uingereza mwaka 1891, akiwa na tangi dogo lenye mirija miwili inayotokea nyuma ya chombo.

Moto unapoupasha mkunjo wa mrija, maji yaliyo ndani yake huchemka na kugeuka mvuke. Mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyochukuliwa na maji, kwa hiyo kiasi kidogo kuliko tone kinatosha kuyasukuma maji yaliyo katika miguu miwili ya mrija yatoke nyuma kwa kasi. Maji hayo yakishaanza kwenda hayasimami papo hapo, bali huendelea kwa nguvu ya mwendo wake mwenyewe, na mvuke unaoyafuata hugusa sehemu ya mrija iliyopozwa na maji, ukapoa na kurudi kuwa maji. Nafasi uliyokuwa umeishika hubaki karibu tupu, maji ya nje huvutwa ndani mpaka kwenye mkunjo ulio moto, na yote huanza upya. Hayo hutokea mara kadhaa katika kila sekunde, na ukiushika ubavu wa mashua kwa vidole viwili utayasikia kama mtetemo.

Mwanafunzi makini huuliza: ikiwa maji yanayotoka ni sawa na yanayoingia, kwa nini mashua isitetemeke tu mahali pamoja? Jibu lake linaweza kuonyeshwa kwa koroboi. Unaweza kuizima koroboi kwa kuipuliza kutoka umbali wa mkono mmoja, lakini huwezi kuizima kwa kuvuta pumzi kutoka umbali huohuo, kwa sababu pumzi inayotoka huenda kama mkondo mmoja ulionyooka, na inayoingia hukusanywa kutoka pande zote. Maji ya mrija hufanya vivyo hivyo. Yakitoka huenda nyuma kwa mkondo mmoja na kuisukuma mashua mbele. Yakiingia hutoka juu, chini na kando, na hayairudishi nyuma kwa nguvu ile.

Maji huchemka karibu nyuzi 96 za Selsiasi hapa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na karibu nyuzi 94 kule Nakuru, mita 1,850 hivi. Tofauti hiyo haikulazimu kubadilisha kipimo chochote katika vinavyofuata.

Usalama

Katika kazi nzima kuna sharti moja lisilovunjwa: miguu yote miwili ya mrija ibaki wazi daima. Usiizibe kwa lehemu, usiibinye kwa koleo ili mkondo uwe mwembamba, na usijaribu kutengeneza tangi lililofungwa kwa kopo la soda au chupa ya chuma ili kupata nguvu zaidi. Mvuke uliofungiwa ndani ya kopo hupasua kopo hilo, na wanaoumia ni wale wanaoinama kutazama. Mrija ulio wazi pande zote mbili hauwezi kujilimbikizia mvuke kiasi hicho.

Kuhusu mafuta ya kuwasha, tumia ya kupikia. Petroli isiletwe karibu kabisa. Spiriti huwaka vizuri, lakini mwali wake hauonekani mchana wenye jua na mtoto anaweza kuugusa bila kujua. Mafuta ya taa hutoa masizi mengi yanayoufunika mrija na kuuzuia kupata joto. Watoto wafanye kazi hii wakiwa na mtu mzima, hasa wakati wa kukata bati na kulehemu.

Vifaa

Cha kutafuta kwanza ni mrija wa shaba wenye urefu wa sentimita 40, unene wa nje wa milimita 3 hadi 4, na tundu la ndani la milimita 2 hadi 3. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilikwenda kwa fundi wa friji nikaomba mrija mwembamba wa shaba, naye akanipa ule wa kapilari, ambao kwa nje unafaa kabisa lakini tundu lake la ndani ni la milimita 1 au pungufu. Nilifanya kazi siku nzima na mashua haikusogea, kwa kuwa maji hayawezi kuingia na kutoka haraka katika tundu dogo hivyo. Beba kijiti cha kiberiti kilichochongwa ncha, na usinunue mrija ambao kijiti hicho hakiingii. Ukiukosa, ulizia kwenye maduka ya vipuri vya magari mrija wa breki wa inchi 3/16, lakini uhakikishe ni wa shaba nyekundu na si wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, sumaku itakuambia. Mrija huo ni mnene kidogo na utahitaji tambi mbili badala ya mmoja.

Pamoja na mrija, tafuta kipande cha bati la debe la mafuta chenye sentimita 30 kwa 16, lehemu na chuma cha kulehemu, gundi ya epoksi ile inayouzwa katika mirija miwili ya kuchanganywa, kifuniko cha chuma cha chupa ya soda, pamba, bomba la sindano jipya lililotolewa sindano yake, na sentimita 5 za mpira wa valvu ya baiskeli. Mabati ya paa usiyatumie, kwani ni mazito na yanakunjika vibaya. Zana ni mkasi wa bati, koleo, msumari, tupa ndogo, rula na msasa.

Hatua ya kwanza: kukata na kukunja bati

Anza na karatasi. Chora umbo lote kwenye karatasi ngumu ya kalenda ya zamani, likate, likunje, uone kama linakuwa mashua, ndipo ulihamishie kwenye bati. Karatasi iliyokosewa hutupwa. Bati lililokosewa hukurudisha sokoni.

Chora mistari miwili kwa urefu wa bati, kila mmoja sentimita 4 kutoka ukingoni, ili katikati ibaki sakafu yenye upana wa sentimita 8. Upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, chora mstari wa kukingama sentimita 4 kutoka mwisho, kisha kata kwa kufuata ile mistari miwili mirefu hadi uufikie mstari huo. Sehemu ya katikati itakunjwa juu kuwa ukuta wa nyuma, na zile mbili za kando zitakunjwa kuukumbatia ukuta huo kwa nje.

Upande wa omo, yaani mbele ya chombo, kata kwa kufuata mistari ileile mirefu kwa sentimita 9, ili mbavu, yaani kuta za kando, zitengane na sakafu. Kwenye sakafu iliyobaki huru chora pembetatu ambayo kitako chake ni upana wote wa sentimita 8 na kilele chake kiko sentimita 8 mbele. Kata ukiacha ukingo wa milimita 5 nje ya mistari ya pembetatu, kisha ukunje ukingo huo uelekee juu. Mbavu zitapindwa ndani kufuata pembetatu hiyo hadi zikutane kwenye kilele, na ule ukingo utazipa mahali pa kushikiliwa na lehemu. Upande wa pembetatu ni sentimita 9 kasoro kidogo, ndiyo sababu mbavu nazo zilikatwa sentimita 9.

Kingo za juu zikunjwe milimita 5 na kubinywa kwa koleo, kwa kuwa bati la debe hukata kama wembe na pia hulegea lisipokunjwa. Ukizikunja baada ya kuinua mbavu utateseka. Zikunje bati likiwa bado limelala.

Hatua ya pili: kulehemu

Sugua kwa msasa mahali pote pa kuunganisha mpaka bati ling'ae, maana lehemu haishiki juu ya rangi wala mafuta. Lehemu kwa ndani, polepole, na kwenye pembe mbili ambamo mbavu zinaanza kupinda uweke nyingi zaidi, kwa sababu hapo ukingo huisha na tundu dogo hubaki. Mimina maji ndani, uweke chombo juu ya gazeti kavu kwa dakika tano, na gazeti litakuonyesha panapovuja. Lehemu nyingi za kawaida zina madini ya risasi, hivyo fanya kazi penye hewa na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Sakafu ya chombo hiki ina eneo la sentimita za mraba 168 hivi, maana yake kila gramu 100 zitakizamisha kwa kama milimita 6. Bati lenyewe lina uzito wa gramu 100 na kidogo, kwa hiyo mashua iliyokamilika inakaa majini kwa kina cha sentimita 1 hivi. Ikizama zaidi ya hapo, umetumia lehemu nyingi mno au bati nene.

Hatua ya tatu: kuukunja mrija

Shaba iliyonyooshwa kiwandani mara nyingi ni ngumu, na ukiikunja hivyohivyo itabonyea na tundu litazibika. Ilainishe kwanza. Shika mrija kwa koleo juu ya jiko la makaa au la gesi hadi sehemu ya katikati, kama sentimita 20, iwe nyekundu iliyofifia, kisha uitumbukize kwenye maji. Fundi aliyezoea chuma atashangaa, kwa sababu chuma cha patasi kikichovywa majini kikiwa moto huwa kigumu. Shaba haiko hivyo, hubaki laini. Futa weusi kwa msasa.

Jaza mrija chumvi laini iliyokauka kabisa, ukiugongagonga ili chumvi ishuke na kushikana, na uzibe ncha kwa karatasi iliyosokotwa. Chumvi huzuia kuta zisibonyee. Wengine hutumia mchanga, lakini punje moja ikikwama ndani haitoki, ilhali chumvi huyeyuka ikioshwa kwa maji ya moto. Weka katikati ya mrija kwenye kitu cha mviringo chenye unene wa milimita 12, kama kalamu nene ya wino, na uzungushe taratibu mara mbili na nusu, ukibana kwa kidole gumba karibu sana na mahali unapopinda. Nusu ile ya mwisho ndiyo inayofanya miguu yote miwili ielekee upande mmoja. Mkunjo utakula karibu sentimita 12 za mrija, na kila mguu utabaki na sentimita 14.

Toa karatasi, osha chumvi yote, kisha puliza kwa mdomo. Pumzi ikipita kwa urahisi, mrija ni mzima. Ikipita kwa shida, pana mahali palipobonyea, na ni heri kuukunja mwingine kuliko kuendelea na huo. Lainisha ncha mbili kwa tupa na ukwangue makombo ya ndani kwa sindano ya kushonea.

Hatua ya nne: kuufunga mrija kwenye chombo

Mrija hupita sakafuni, si kwenye ukuta wa nyuma, kwa sababu chombo kinazama sentimita 1 tu na tundu la ukutani lingeziacha ncha nje ya maji mara mashua ikiyumba. Toboa kwa msumari matundu mawili, sentimita 4 kutoka tezi na sentimita 2 baina yao. Pitisha miguu ili mkunjo ubaki ndani, kimo cha sentimita 2 na nusu juu ya sakafu, na miguu ishuke kwa mteremko usio na kilima popote. Kilima kidogo chochote katika mteremko huo kitahifadhi povu la hewa, na povu hilo litakusumbua kila mara utakapowasha. Baada ya kutoka chini ya sakafu, pinda miguu ilale sambamba na sakafu, ikielekea nyuma moja kwa moja, na ncha zipite ukuta wa tezi kwa sentimita 1 hivi.

Ziba matundu kwa epoksi, juu na chini. Lehemu ingeweza kutumika, lakini lehemu ya kawaida huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 190 na shaba husafirisha joto haraka; mrija ukikauka kwa bahati mbaya huku moto unawaka, lehemu itaachia. Acha gundi ikauke usiku mzima hata kama pakiti inadai saa moja.

Hatua ya tano: taa

Ng'oa plastiki iliyo ndani ya kifuniko cha soda. Kata kipande cha bati chenye upana wa sentimita 1, kitoboe tundu katikati, na ukiweke ndani ya kifuniko kama daraja. Sokota pamba iwe na unene wa kijiti cha kiberiti, ipitishe tunduni ili itokeze milimita 4, kisha mimina mafuta ya kupikia. Mwali unaofaa una urefu wa sentimita 1 na nusu hadi 2, na ncha yake inaugusa mkunjo kwa chini. Mwali unaoumeza mkunjo wote ni mkubwa mno.

Hatua ya sita: kujaza maji na kuondoka

Tumia beseni pana au karai lenye maji safi. Maji ya ziwa yana tope na majani madogo yanayoziba mrija, kwa hiyo ujazo wa kwanza uwe wa maji ya mvua au ya bomba yaliyochujwa kwa kitambaa. Vuta maji kwenye bomba la sindano, vika mpira wa valvu kwenye ncha yake, na uuvike upande wa pili kwenye mguu mmoja wa mrija. Zamisha tezi ya mashua ndani ya beseni ili ncha zote mbili ziwe chini ya maji, kisha sukuma maji polepole. Mapovu yatatoka mguu wa pili. Endelea kusukuma, ukijaza tena bomba ikibidi, hadi mapovu yakome kabisa, na baada ya hapo sukuma kidogo zaidi. Chomoa mpira ncha zikiwa bado chini ya maji, na usiziinue tena. Kuanzia sasa, mashua ikinyanyuliwa kutoka majini, ujazo uanze upya.

Iache mashua ielee, washa taa nje, na uiingize chini ya mkunjo kwa koleo. Katika nusu dakika hadi dakika moja mtaona maji ya nyuma yakitetemeka, kisha vipovu viwili vitatu vitoke, kisha chombo kianze kusogea kwa mishtuko midogo inayoungana kuwa mwendo. Mlio wake ni wa chini. Zile mashua za kuchezea zinazopiga kelele ya pop-pop zina tangi lenye bati jembamba linalobonyea na kurudi, na hii haina.

Isipoondoka baada ya dakika mbili, toa taa, acha shaba ipoe, ujaze tena. Usiongeze moto. Ikiwa inaondoka vizuri kisha inasimama baada ya muda mfupi, joto limeshuka hadi miguuni na mvuke haupoi tena. Punguza utambi, au badilisha maji ya beseni ikiwa yamekuwa vuguvugu. Ikiwa inatetemeka bila kwenda, tazama kama ncha moja imechungulia nje ya maji, na usogeze taa na uzito nyuma kidogo. Ikiwa inavuta upande mmoja, ncha hazielekei sambamba, na kuzipinda kwa kidole kunatosha kuzirekebisha. Katika karai la mviringo mimi huzipinda makusudi ili mashua izunguke bila kugonga ukingo, na mafuta ya kifuniko kimoja huizungusha dakika kumi au zaidi.

Sishauri kuipeleka ziwani. Pale ufuoni Kisumu gugumaji hulinasa chombo kidogo mara moja, upepo wa asubuhi huvuma kutoka nchi kavu na kukipeleka mbali, na mtoto anayekifuata anaingia kwenye maji yenye viboko. Birika la kunyweshea ng'ombe ni bora kuliko ziwa lolote.

Baada ya safari, ondoa taa kwanza na uiache mashua majini hadi shaba ipoe, ndipo uinyanyue na kuupuliza mrija. Masizi futa kwa kitambaa chenye majivu. Mkondo ukidhoofika baada ya majuma kadhaa, vuta maji ya limau ndani ya mrija, yaache usiku kucha yayeyushe ukoko mweupe wa chumvichumvi, na suuza asubuhi kwa bomba la sindano. Paka rangi upande wa nje tu ili bati lisishike kutu, kisha hifadhi mashua ikiwa imesimama tezi chini, matone yaliyobaki yatoke yenyewe.